Usiku wa Kujivua Gamba: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Kulana kwa Kambamiti Mabwawani

Mfugaji wa kambamiti anayekagua bwawa lake alfajiri hukuta, mara mbili kwa mwezi au zaidi, magamba matupu yamesukumwa na upepo mpaka kwenye kona moja ya tuta. Wakati wa kusi huwa kona ya kaskazini, na wakati wa kaskazi huwa ya kusini. Mgeni wa kazi hii hufurahi, kwa sababu amefundishwa kwamba gamba lililovuliwa ni dalili ya ukuaji, na hajakosea. Mimi nimejifunza kuuliza swali jingine kabla ya kufurahi: kati ya hao waliovua usiku, ni wangapi wameiona asubuhi? Katika bwawa nililolisimamia upande wa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, lililochimbwa ndani ya jaluba la zamani la chumvi, niliwahi kukuta magamba tele konani, kisha wiki iliyofuata nikatupa kimia, yaani wavu wa kurusha kwa mkono, mara kumi na kupata kambamiti wachache mno kuliko hesabu yangu. Hapakuwa na mizoga, hapakuwa na dalili ya ugonjwa, wala ndege hawakuwa wameongezeka. Walikuwa wameliwa na wenzao, na aliyeandaa karamu hiyo ni mimi mwenyewe, kwa kupunguza chakula katika usiku usiofaa.

Maelezo haya yanamlenga mfugaji mdogo wa Lindi au Mtwara mwenye bwawa la robo eka mpaka eka moja, ambaye huingiza maji kwa nguvu ya bamvua, yaani maji makuu ya kujaa na kupwa, na hana umeme wa kuendeshea mashine za kutibua maji ili yapate hewa. Msimamo wangu ni kwamba harufu ya kambamiti aliyevua gamba haiondolewi majini kwa dawa yoyote. Kinachowezekana ni kujua itatoka usiku gani, na kuhakikisha kwamba usiku huo anayeinusa ameshiba na anayeitoa ana mahali pa kujificha.

Kinachotokea mwilini na majini

Gamba la kambamiti halinyooki wala halikui, kwa hiyo mnyama hawezi kuongeza ukubwa bila kulivua na kutengeneza jingine. Kazi hiyo huongozwa na homoni. Ndani ya vikonyo vya macho hutengenezwa homoni inayozuia kujivua, na pale inapopungua, tezi nyingine iliyo kichwani huongeza homoni ya kujivua, ngozi hujitenga na gamba la zamani, na gamba jipya lililo laini huanza kujengwa chini yake. Kitendo chenyewe cha kuvua ni cha dakika chache tu: gamba hufunguka pale kichwa kinapokutana na mkia, mnyama hujipinda na kuruka nje, kisha hunywa maji mengi ili ngozi mpya itanuke kabla haijakakamaa. Wadogo hukakamaa ndani ya saa chache, ilhali wakubwa huchukua siku moja hadi mbili.

Kauli ya kujivua gamba ilivuma sana nchini mwaka 2011 kwa sababu za kisiasa, na mfano uliotumika ulikuwa wa nyoka. Nyoka, hata hivyo, akishavua ngozi hubaki na meno yake. Kambamiti huvua mpaka utando wa ndani ya tumbo lake la kusagia chakula, na sehemu za kinywa chake nazo huwa laini, hivyo kwa muda huo hawezi kula chochote wala kumjeruhi yeyote. Jambo hili lina maana kubwa kwa mfugaji: kambamiti laini hali wenzake, bali huliwa na wale ambao bado wana gamba gumu, na wale ambao zamu yao ya kuvua haijafika ndio wenye njaa.

Mara ngapi huvua hutegemea ukubwa. Kifaranga aliyetoka kwenye kitotoleshi huvua karibu kila siku au baada ya siku chache. Kambamiti mwenye uzito wa gramu 2 hadi 5 huvua takriban kila baada ya wiki moja. Mwenye gramu 10 hadi 15 hukaa siku 9 hadi 12. Na aliyefika gramu 25 au zaidi hukaa kama wiki mbili. Kwa sababu hiyo wadogo huvua wakati wowote, kila mmoja kwa siku yake, lakini wakubwa huelekea kuvua kwa makundi, hasa usiku na hasa katika siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mabadiliko ya ghafla ya maji nayo huchochea kundi zima livue pamoja, yawe ni maji mapya ya bamvua, mvua kubwa ya kwanza ya Desemba, au kushuka kwa joto.

Sasa harufu. Kambamiti aina ya Penaeus monodon, yule mwenye michirizi ambaye wavuvi wetu wanamfahamu sana, hutembea zaidi usiku na katika maji yenye tope, mahali ambapo macho hayafai sana. Huitambua dunia kwa vipapasio vyake vifupi, ambavyo vina vinyweleo vyembamba vya kunusia, na huvitikisa mara kwa mara ili maji mapya yagonge vinyweleo hivyo. Ncha za miguu na sehemu za kinywa zina uwezo wa kuonja, hivyo harufu ya mbali humwelekeza upande wa kwenda, na mguso wa karibu humwambia kama alichokifikia kinalika. Vinavyomvutia zaidi ni asidi amino nyepesi, kama vile glisini, taurini na ajinini, pamoja na betaini na kemikali nyingine ndogo zinazovuja kutoka kwenye nyama mbichi. Hizi ndizo zinazofanya chakula cha dagaa kimvutie, na nyama ya kambamiti mwenyewe imejaa vitu hivyohivyo.

Mnyama anapovua, majimaji yaliyokuwa kati ya gamba la zamani na jipya humwagika bwawani, na akipata jeraha hata dogo, damu yake huvuja kupitia ngozi ambayo haijawa ngome. Kwa dume aliyekomaa, jike lililotoka kuvua lina maana nyingine, kwa sababu jike la monodon hupandwa likiwa bado laini. Lakini kambamiti wa bwawani huvunwa kabla ya kufika umri wa kuzaa, kwa hiyo kwao ujumbe wa uchumba hauna msikilizaji, na unaobaki ni ule wa chakula. Katika jamii kadhaa za kaa na kamba, harufu ya mwenzao aliyepondwa huweza pia kuwa onyo la hatari linalowafanya wakimbie. Aliye na njaa ndiye anayeliacha onyo hilo na kuifuata harufu. Nimeshuhudia jambo linalofanana na hilo katika sinia la kukagulia chakula, linalozamishwa bwawani likiwa na chakula kidogo: usiku ambao sinia hubaki na masalio, kambamiti laini aliyenaswa humo huachwa bila kuguswa, ilhali usiku ambao sinia ni tupu, hubaki vikonyo vya macho na pembe ya kichwa tu.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la mwezi

Wavuvi wa pwani yetu huhesabu siku kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, na mfugaji anapaswa kufanya vivyo hivyo. Bamvua huja karibu na mwandamo na karibu na tarehe 15, na maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo. Andika kila siku tarehe ya mwezi, kiasi cha chakula kilicholiwa, idadi ya magamba yaliyoonekana konani, chumvi ya maji, na hali ya mvua. Baada ya miezi miwili daftari litakuonyesha usiku ambao bwawa lako, wala si la jirani, huvua kwa wingi.

Dalili za karibu zipo pia. Siku moja au mbili kabla ya kuvua, hamu ya kula hupungua, na sinia ambalo lilikuwa likisafishwa kwa saa mbili hubaki na chakula. Chukua kambamiti kumi kwa kimia, uwashike mmoja mmoja: gamba la aliye karibu kuvua huhisika kama limelegea juu ya mwili, ilhali la aliyekakamaa limebana. Ukiwa na kioo cha kukuzia, angalia mapezi ya mkia dhidi ya mwanga. Kama ngozi imejitenga na ukingo wa gamba na kuacha ufito angavu, kuvua kumekaribia. Zoezi hili lifanywe siku mbili tatu kabla ya bamvua, halafu kimia kitundikwe. Kutupa wavu katika usiku wenyewe wa kuvua ni kuwaponda walio laini na kuieneza harufu yao bwawa zima.

Hatua ya pili: panga chakula kulingana na wasiovua

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea, na ndipo nilipokosea mimi. Ushauri unaopokezanwa ni kwamba siku za kuvua chakula kipunguzwe, kwa sababu kambamiti hawali na masalio huoza. Ushauri huo ni wa kweli nusu. Ikiwa theluthi moja ya kambamiti inavua, theluthi mbili zilizobaki bado zinataka kula, na zinatembea katika maji yenye harufu ya nyama laini. Kinachopaswa kupunguzwa ni chakula cha mchana, na kile cha jioni na usiku kiachwe kama kilivyo.

Chukua mfano wa bwawa la mita za mraba 1,000, yaani karibu robo eka, lililopandikizwa vifaranga 4 kwa kila mita ya mraba. Vifaranga ni 4,000, na tukikadiria kwamba asilimia 70 wako hai, kambamiti ni 2,800. Wakiwa na wastani wa gramu 12, uzito wao wote ni kilo 33.6. Kwa ukubwa huo huhitaji chakula cha takriban asilimia 4 ya uzito kwa siku, yaani kilo 1.3 na ushei. Siku za kawaida nakigawa hivi: robo asubuhi, kidogo sana mchana, theluthi magharibi, na kinachobaki, ambacho ni karibu theluthi nyingine, mnamo saa nne usiku. Siku za kuvua naondoa mlo wa mchana kabisa na kupunguza wa asubuhi kwa nusu, hivyo jumla hushuka hadi kilo moja hivi, lakini milo ya magharibi na usiku haiguswi. Siku ya pili au ya tatu baada ya magamba kuonekana, waliovua huanza kula kwa pupa, na hapo chakula hurudishwa na hata kuongezwa kidogo kwa kufuata sinia linavyosema.

Sinia ndilo hakimu. Weka angalau mawili katika bwawa la robo eka, moja karibu na lango la maji na jingine upande wa mbali, mbali na miteremko ya tuta, na ulikague saa mbili baada ya kulisha. Sinia tupu usiku wa kuvua lina maana ya kuongeza mkono mmoja wa chakula papo hapo, hata kama daftari linasema kilo zimetosha.

Namna ya kumwaga chakula ina uzito sawa na kiasi chake. Harufu ya chakula huanza kuvuja mara tu punje zinapolowa, na dakika za mwanzo ndizo zenye mvuto zaidi. Mfugaji anayesimama mahali pamoja kila siku na kumwaga ndoo nzima huwavuta wote wakusanyike pale, wakubwa hutangulia na wadogo hubaki nyuma, na tofauti ya ukubwa inayozaliwa hapo ndiyo huwapa baadhi nguvu ya kuwala wengine baadaye. Mwaga chakula kwa kuzunguka tuta lote, na katika bwawa pana tumia mtumbwi mdogo. Epuka kumwaga palipo na maficho, kwa kuwa utawaongoza wenye njaa mpaka kwenye mlango wa walio laini.

Baadhi ya wafugaji huongeza uduvi mbichi au vichwa vya kambamiti vilivyosagwa ili chakula kinukie. Sikubaliani nao. Harufu itakuwa kali, ni kweli, lakini nyama mbichi ya jamii ya kamba na kaa huweza kubeba virusi vya madoa meupe, ambavyo havina tiba. Ugonjwa huo ulithibitishwa katika mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, nasi tunatenganishwa na Msumbiji na Mto Ruvuma tu. Virusi hivyo huenea kwa njia ileile tunayoizungumzia: mgonjwa hudhoofika, mwenzake humla, naye huambukizwa.

Hatua ya tatu: tengeneza maficho kabla ya kupandikiza

Porini kambamiti mdogo hukaa katikati ya mizizi ya mikoko na nyasi za bahari, na anapovua hujificha humo au hujifukia mchangani. Bwawa tupu lenye sakafu laini halina chochote cha namna hiyo. Maficho mazuri ni yale yaliyosimama, kwa sababu huongeza eneo la kushikilia bila kuzuia chakula kufika chini, na pia huota utando wa mwani ambao ni chakula cha ziada. Nyavu chakavu za uvuvi zenye matundu madogo, zilizooshwa na kukaushwa juani kwa siku kadhaa, zifungwe kwenye fito za mianzi na kusimamishwa kwa mistari, sentimita chache juu ya sakafu, katika theluthi moja ya bwawa. Ziache nafasi ya kupita mtumbwi, na zisiwe na matundu ya kunasa vichwa. Vipande vya mabomba ya plastiki navyo hufaa, ijapokuwa huvutia kaa.

Makuti makavu yanaweza kutumika kwa bwawa dogo, mradi yaondolewe na kubadilishwa kabla ya kuoza. Makuti mabichi huvuta oksijeni yote ya alfajiri. Matawi ya mkorosho, ambayo ndiyo yaliyo karibu na kila mmoja wetu, siyapendekezi kabisa, kwa sababu yana tanini nyingi inayotia maji rangi ya chai na majani yake huoza haraka. Mikoko isikatwe: ni hifadhi inayolindwa kisheria, na kambamiti wa porini wanaihitaji zaidi kuliko wako.

Sakafu yenyewe ni maficho pia, ikiwa safi. Tope jeusi linalonuka yai viza lina gesi ya sulfidi, na kambamiti laini hatajifukia katika sumu. Atabaki juu, mbele ya wenzake. Kabla ya kila msimu kausha bwawa mpaka udongo upasuke, ondoa tope jeusi, na rekebisha udongo wenye asidi kwa chokaa ya kilimo. Udongo wa mikokoni huwa na asidi unapokauka, kwa hiyo upime kabla na usikisie.

Hatua ya nne: gawanya maji ya bamvua

Mfugaji wa mkoa wetu ana tatizo ambalo mwenye pampu hana. Maji hufika kwenye lango lake siku za bamvua tu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu, na siku hizo ndizo ambazo kambamiti wanavua. Akifungua lango na kubadilisha nusu ya bwawa kwa jaa moja, huwashtua hata wale ambao hawakuwa tayari, na kundi zima huvua usiku mmoja katika maji yaliyotibuka. Badala yake, ingiza takriban asilimia 10 kwa kila jaa, kwa siku tatu au nne mfululizo, ukianza siku mbili kabla ya kilele cha bamvua. Maji yote yapite kwenye chujio lenye matundu madogo sana, kwa kuwa mabuu ya kaa na samaki walao nyama hupita kwa urahisi katika wavu wa kawaida, na chewa mmoja aliyeingia akiwa mdogo huwala walio laini kuliko kambamiti mia.

Maji mapya hupunguza ukali wa harufu kwa muda, lakini mkondo wake huibeba na kuipeleka upande mmoja, na kambamiti hufuata mkondo kinyume ili kumfikia mwenye harufu. Kwa hiyo usifungue lango usiku uleule ambao magamba yameanza kuonekana, isipokuwa oksijeni imeshuka.

Oksijeni ndiyo sababu pekee ya kuvunja kanuni hiyo. Kambamiti anayevua hutumia oksijeni nyingi kuliko kawaida, na kiwango cha chini kabisa bwawani hutokea kati ya saa tisa usiku na mapambazuko. Kiwango kizuri ni zaidi ya miligramu 4 kwa lita, na kikishuka chini ya 3 walio laini hulegea na kushindwa kuruka, hivyo hata kambamiti mdogo huweza kuwala. Asiye na kipimo aangalie maji: ukisimama na tochi kabla ya alfajiri ukaona kambamiti wengi wamesogea kando na kuja juu, ingiza maji mara moja.

Hatua ya tano: yape maji madini ya kukakamaza gamba

Kila saa inayopunguzwa katika muda wa ulaini ni saa ambayo mnyama hayupo hatarini. Kambamiti huchukua sehemu kubwa ya kalsiamu na magnesiamu moja kwa moja majini, na sehemu nyingine kwa kula gamba alilovua, na hii ndiyo sababu nashauri magamba yaachwe yalivyo isipokuwa yale yaliyorundikana konani na kuanza kuoza. Maji ya bahari yana madini ya kutosha. Upungufu huja wakati wa mvua, pale ambapo Mto Lukuledi unaleta maji baridi na chumvi ya bwawa inashuka chini ya gramu 10 kwa lita. Chumvi ya gramu 15 hadi 25, pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 7.5 hadi 8.5 isiyobadilika kwa zaidi ya 0.5 kati ya asubuhi na jioni, na uwezo wa maji kuhimili asidi usiopungua miligramu 80 kwa lita, ni viwango vinavyofaa.

Baada ya mvua kubwa, toa maji ya juu kwanza, kwa sababu maji baridi huelea juu ya yale ya chumvi, kisha tawanya chokaa ya kilimo au dolomiti kilo 10 hadi 20 kwa bwawa la mita za mraba 1,000, jioni, ikiwa imekorogwa kwenye ndoo. Chokaa inayouzwa kwa wapaka rangi ni kitu kingine. Ile inayochomwa kwa matumbawe, ambayo iliharibu sana miamba ya Ghuba ya Mikindani, ni kali, hupandisha pH kwa ghafla, na huweza kuua kambamiti usiku mmoja.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi. Mrututu usitumike kuua mwani penye kambamiti, kwa maana shaba ni sumu kwao. Na yule ambaye bwawa lake liko chini ya mteremko wenye mikorosho azungumze na jirani yake mapema, kwa sababu viuadudu vya jamii ya pairethroidi vinavyopuliziwa mikorosho ni sumu kali kwa kambamiti hata kwa kiasi kidogo kinachopeperushwa na upepo. Salfa inayopuliziwa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haina ukali huo, lakini mtaro wa kukinga maji ya mvua juu ya bwawa ni wa lazima kwa vyovyote.

Hatua ya sita: punguza msongamano na tofauti za ukubwa

Asiye na mashine ya hewa asizidishe vifaranga 4 au 5 kwa mita ya mraba, na anayeanza aanze na 2. Vifaranga wawe wa kundi moja na siku moja ya kutotolewa. Kuongeza vifaranga baadaye ili kufidia waliokufa ni kuwalisha wakubwa kwa gharama kubwa. Iwapo baada ya miezi mitatu kimia kinaleta wenye gramu 8 pamoja na wenye gramu 25, vuna wakubwa kwa wavu wenye matundu mapana, nje ya siku za bamvua, na waliobaki watapata nafasi.

Hatua ya saba: soma alama za kulana

Gamba tupu ni jepesi, angavu, na lina viungo vyote. Mabaki ya aliyeliwa ni vipande: macho, pembe, ncha ya mkia. Majeruhi walionusurika huwa na vipapasio vilivyokatika, miguu iliyopungua, na makovu meusi ambayo ni dalili ya jeraha linalojifunga, na majeraha hayo ndiyo mlango wa bakteria. Alama ninayoiamini zaidi iko ndani ya utumbo, unaoonekana kama uzi mgongoni. Kwa anayekula chakula chako huwa na rangi ya chakula hicho, yaani kahawia, na kwa anayekula mwani huwa kijani au nyeusi. Ukiwa mwekundu au wa waridi, mnyama huyo amemla kambamiti mwenzake, aliyekufa au aliye hai.

Utumbo mwekundu kwa mmoja kati ya ishirini, siku moja baada ya kuvua, si jambo la kutisha. Ukiuona kwa wengi, tena katika maji mafu, fikiria ugonjwa kabla ya njaa: tafuta madoa meupe yaliyo ndani ya gamba la kichwa, wekundu wa mwili, na kambamiti wanaozubaa ukingoni mchana. Ukiona hayo, funga lango, usitoe maji wala kambamiti, usiazime wavu wala usiazimishe, na umjulishe afisa uvuvi siku hiyohiyo.

Kwa wanaonenepesha kaa wa mikoko katika vizimba, mambo haya yanawahusu kwa ukali zaidi, kwa kuwa kaa ana magando. Kwao dawa ni moja: kila kaa na chumba chake.

Uvunaji

Kambamiti laini hupoteza umbo katika barafu na mnunuzi humshusha daraja, kwa hiyo siku ya kuvuna huchaguliwa kwa daftari lilelile la mwezi. Kwa kuwa maji ya bwawa hutoka vizuri wakati wa kupwa kwa bamvua, wengi huvuna siku hiyo na kujikuta na kapu la walaini. Mimi hupendelea siku ya nne au ya tano baada ya kilele, ambapo kupwa bado kunatosha kutoa maji na magamba yameshakakamaa. Jioni ya kuamkia uvunaji tupa kimia mara tano sehemu tofauti, uhesabu wote na uwabonyeze shavuni mwa gamba la kichwa. Walaini wakizidi watano katika kila mia, funga lango, walishe mlo wao wa magharibi kamili, na umpigie simu mnunuzi kwamba barafu ije baada ya siku mbili.